Kigingi Ndani ya Sauna

Nilikuwa nimeshanunua saruji.
Magunia kumi na manne chini ya turubai,
na mbao za paa zimelala barazani
zikinukia msonobari mpaka ndani ya kahawa yetu.

Marlys akasema: Sulo, ita mpima ardhi kwanza.
Nikamwambia, mpima wa nini? Mpaka unajulikana,
toka ule mtufaha hadi kwenye mwamba mweusi,
baba alinionyesha kwa kidole.
Akasema: kidole cha baba yako
kilikuwa kimepungua kiungo kimoja.
Kweli. Kilibaki mgodini, kwenye shaba.
Nikapiga simu.

Dola mia tisa na hamsini. Niliziona zikiondoka
mojamoja, kama mabata wa Oktoba.

Aprili, theluji bado imejificha
upande wa kaskazini wa kila kitu,
akaja Delphine Beaudry na buti za mpira,
na darubini yake ya miguu mitatu,
na kijana wa kushika fimbo aliyemaliza mkate wetu.
Hakuuliza habari za mtufaha.
Mwamba hakuutazama.
Alikunjua ramani ya enzi za babu,
karatasi yenye mikunjo kama kiganja,
akaanza kuhesabu futi toka njia panda ya kanisa,
mbali kule; sikujua kuwa shamba langu huanzia huko.

Asubuhi nzima alitembeza kile chombo kinusacho chuma.
Kikalia kwenye msumari. Kikalia kwenye kiatu cha farasi.
Kikalia kwenye kijiko nilichokipoteza
nikiwa na miaka sita, nikachapwa.
Halafu akasimama mlangoni mwa sauna,
sauna ya baba, ya magogo, nyeusi kwa moshi,
akasema: kipo humu.

Tuling'oa mbao za sakafu.
Jirani yangu Ahti alikuja na tochi,
maana mtu hawezi kutulia kwake
jirani anapochimba.
Na pale, hatua moja kutoka kwenye jiko la mawe,
kichwa cha chuma, kina kutu, kimezungushiwa saruji
kwa mwiko, kwa mkono usio na haraka.
Mtu alikiona. Akakijengea.
Na saruji ilipokuwa mbichi, msumari uliandika
herufi mbili: K, na L.
Kaarlo, baba yangu. Lauri, baba yake.

Miaka hamsini, kila Jumamosi,
Ahti na watu wake walikuja na taulo begani,
wakabisha hodi, wakaaga kwa shukrani,
na sisi tukawaambia karibuni
kwa sauti ya wenye nyumba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ni yupi kati yetu aliyekuwa akipona?
Mstari ulipita katikati ya mawe ya moto.
Maji tuliyomwaga upande wetu
yalifuka mvuke upande wao.

Delphine akafunga utepe wa waridi kwenye fremu ya mlango,
mwingine kwenye mtufaha, ambao, kumbe,
uko futi kumi na moja ndani ya shamba la Ahti.
Matufaha yote yale. Jemu yote ile.
Ahti akakohoa. Akasema: ilikuwa jemu nzuri.

Gereji imesimama sasa. Niliisogeza
kuelekea barabarani, na sheria ya wilaya
nayo ikadai nafasi yake kando ya mstari.
Haina uzuri wowote. Inatunza trekta la theluji.
Ningeijenga nilipotaka, ukuta mmoja
ungelala kwa jirani, na wanetu
wangerithi kesi badala ya paa.

Jumamosi ile ya kwanza, Ahti alifika na taulo lake.
Nilimwona kupitia ufa: mkono ukainuka kubisha,
ukabaki hewani.
Nami ndani, uchi, kata ya maji mkononi,
sikujua niseme karibu
au nisubiri kukaribishwa.
Tukakaa hivyo, kila mtu upande wake wa mlango,
mpaka baridi ikaanza kupenya.

Ingia au toka, nikasema. Joto linapotea.